Pikapu ya Rangi ya Chungwa

Benchi letu ni ubao mrefu juu ya matofali, nje ya duka la Marek la chakula cha mifugo, katika mji wa Novotny, Texas. Linatazama uwanja wa kuegesha magari, na ng'ambo ya uwanja lipo duka la vyakula. Kahawa huchemka ndani kwa Marek tangu alfajiri na kila mtu hujimiminia. Hapo huketi Redio, aliyeuza bima hadi alipostaafu na ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Dizeli, fundi magari aliyestaafu bila kuacha kutengeneza magari. Na Alvin Kovar, mfugaji, tunayemwita Kimya kwa sababu isiyohitaji maelezo. Mimi wananiita Sindano. Nilikuwa daktari wa mifugo. Tangu Februari, alipofariki mke wangu, ninafika kabla ya wengine, kwa sababu mashine ya kahawa ya nyumbani hupika ya watu wawili na sijajifunza kuipunguza.

Jumamosi ile nilimkuta Kimya ameshafika. Alikaa ukingoni mwa benchi na kikombe ambacho hakukinywa, akanieleza jambo lake kwa sauti ya chini. Mkewe, Georgene, macho yake yamekufa katikati, yamebaki kingo tu. Mwezi Machi alitoka dukani akapanda pikapu nyeupe isiyo yao, akajifungia ndani. Mwenye gari, kijana wa visima vya mafuta, alipogonga kioo, Georgene alimwinulia kopo la maharage mpaka polisi wakafika. Mji ulicheka. Yeye mwenyewe alicheka, kisha akaacha kuja mjini. Sasa binti yao, Paulette, alikuwa amempatia chumba katika nyumba ya wazee huko Dallas, na alikuwa amekuja kumchukua. Georgene ndiye aliyeweka sharti: ataingia dukani peke yake, atanunua, atatoka, atapanda gari la mumewe. Akikosea, atafunga mizigo bila neno. Akipatia, habari ya chumba imekwisha. Na Kimya asikae garini, asiite, asikohoe.

— Yuko ndani sasa hivi, Kimya akasema. Wale wawili usiwaambie. Hataki kutazamwa.

Paulette alikuwa amesimama kando ya mlango wa duka, mikono imekunjwa kifuani. Na katikati ya uwanja, mbali kidogo na safu ya magari mengine, ilisimama pikapu ambayo sikuwa nimeiona kabla. Ilikuwa ya rangi ya chungwa inayowaka, na miali ya zambarau ubavuni. Ilikuwa imeinuliwa hata matairi yalinifika kiunoni. Juu ya paa ilikuwa na mstari wa taa, na chini ya tumbo taa nyingine za kijani, zote zimewashwa, asubuhi ile yenye jua.

Redio na Dizeli walikuja pamoja. Redio alikuwa na boksi la kolachi za moto, vile vimkate vitamu vya Kicheki vyenye plamu katikati, akalisahau mkononi.

— Mungu wangu. Sarakasi imekuja mjini?

— Ya Kimya hiyo, nikasema.

— Kimya yupi?

— Mimi, Kimya akasema.

Dizeli aliizunguka pande zote, akainama, akagonga kitu kwa kidole, akarudi anatikisa kichwa kama mtu aliyetoka kuangalia maiti.

— Alvin, ndugu yangu. Ile nyeupe yako iko wapi?

— Nimebadilishana.

— Ile injini niliyoifungua kwa mikono yangu? Umeitoa, ukachukua keki ya harusi?

— Nimechukua hii.

— We mzee umerukwa na akili, Redio akasema, akaketi. Haya, chukueni kolachi. Mimi hawa watu wa pikapu za namna hii nawajua. Nimewakatia bima. Wote wafupi. Mtu akiwa mfupi gari linakuwa refu, hesabu haikosei.

— Kimya anainama kupita mlango wa kanisa, nikasema.

— Basi ni mfupi kwa ndani.

— Acha ujinga, Dizeli akasema. Suala ni kazi. Tazama ndoano ya trela ilivyo juu. Funga trela la ng'ombe pale, pua itaangalia mbinguni, na ng'ombe wote watateleza warundikane mlango wa nyuma kama magunia. Na marobota ya nyasi? Utapandishaje robota pale, kwa ngazi? Hiyo siyo pikapu bwana, hiyo ni ghorofa.

— Ina kikanyagio kinajishusha chenyewe, Kimya akasema.

— Kwa ajili ya nyasi?

Macho ya Kimya yalikuwa kwenye mlango wa duka. Paulette alitazama saa yake.

— Mimi naona hivi, Redio akasema, plamu imempakaa kidevuni. Wamepata mafuta chini ya malisho yake. Ametia saini kimyakimya. Si ndiyo maana anaitwa Kimya?

— Angepata mafuta, Dizeli akasema, angenunua kofia mpya kwanza. Iangalie ile. Hapana. Nimewatengenezea hawa watu magari, nikawasoma. Wengi wao baba zao walikuwa na mashamba, wao wakayauza, yakajengwa nyumba. Sasa wanajiinua juu ili wayaone juu ya uzio. Yule hanunui gari, ananunua dirisha.

Hilo lilinigusa, nikamwambia kwamba ni wazo zuri. Dizeli akajiona.

— Lakini Kimya hajauza hata futi moja, Redio akasema. Kwa hiyo nadharia yako imetoboka tairi. Sikilizeni yangu. Setilaiti.

— Haya tena.

— Setilaiti, bana! Zile taa za juu ya paa unadhani za nini? Anataka aonekane kutoka angani. Siku dunia ikiharibika, watakuja kuchukua watu, na watachukua wale wanaoonekana. Sisi na pikapu zetu nyeupe tutaachwa hapa na Marek.

— Nimesikia, Marek akasema kutoka ndani.

— Wewe msomi, Sindano, Redio akaniambia, mbona umekaa tu? Toa yako.

Nilisema ninachokijua. Bata mzinga dume hutanua mkia, hutunisha kifua, na ngozi ya kichwa chake hubadilika kuwa nyekundu na buluu. Hafanyi hivyo kwa ajili ya madume wenzake, ingawa wao ndio wanaokasirika. Lakini, nikaongeza, hufanya hivyo kabla ya kupata jike, si baada ya nusu karne ya ndoa.

— Nani kakuambia? Kimya akauliza.

Nilimtazama. Hakuwa anatania.

— Ahaa! Redio akaruka. Mmesikia? Kuna mwanamke! Alvin Kovar, na umri huo, na mke wako hali yake ile, unatoka na—

— Redio, nikasema. Nyamaza.

Sikuwahi kumwambia hivyo. Alijifuta kidevu.

Hapo ndipo likaingia lori la soda. Lilizunguka uwanja, likarudi nyuma kuelekea mlango wa kushushia mizigo wa duka la vyakula, likasimama kabla ya kufika. Akashuka dereva, mwanamke mwenye glavu mfukoni, mgeni kwetu. Yule wa zamani tulikuwa tunamjua. Akaja mpaka kwenye benchi.

— Habari za asubuhi, wazee. Samahanini. Kuna pikapu nyeupe imenizibia mlango. Ni ya nani?

Tulitazama. Mbele yetu zilikuwa pikapu nyeupe tisa au kumi, zote za aina moja, zote na vumbi lilelile, zote na koti la mvua kwenye dashibodi na ufunguo ndani, kwa sababu Novotny hakuna anayetoa ufunguo.

— Si yangu, Redio akasema. Yangu ni ile ya tatu.

— Ile ya tatu ni yangu, Dizeli akasema.

— Yako ina mkwaruzo kwenye mlango.

— Zote zina mkwaruzo kwenye mlango!

— Yaweza kuwa yangu, nikasema. Niliegesha upande ule. Au ilikuwa jana.

— Tulieni, nitaiondoa mimi, Dizeli akasema. Mimi na magari tunafahamiana.

Alikwenda, akapanda, akawasha, akaisogeza vizuri mpaka mwisho wa uwanja, akarudi taratibu akijinusa mkono.

— Redio, tangu lini unatafuna tumbaku?

— Sitafuni.

— Na mbwa je, unaye?

— Sina mbwa.

— Basi ile siyo yako. Na yangu siyo. Mbwa mwenyewe kanilamba sikio.

— Na mzee wangu, mwanamke akasema kwa upole, umeondoa ambayo siyo. Njia yangu bado imezibwa.

Lilikuwa swali la mtoto wa chekechea, na benchi zima tulikuwa tumelikosa.

— Na macho yenu ni mazima, Kimya akasema.

Hakulisema kwa hasira. Redio aliigeukia ile pikapu ya rangi ya chungwa, akaiangalia upya, kuanzia taa za chini mpaka za juu. Dizeli alivua kofia.

— Georgene, akasema.

— Yuko ndani, nikasema, kwa kuwa hapakuwa tena na la kuficha. Atatoka peke yake. Asipoipata, Paulette anaondoka naye leo.

Mlango wa duka ukafunguka.

Georgene alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vya kazi. Alisukuma kitoroli hadi ukingo wa kibaraza, akasimama. Aligeuza kichwa upande, kama kuku anavyoiangalia punje, ili akitazame kitu kwa ile sehemu ya jicho iliyobaki. Paulette alipiga hatua moja, akajizuia.

Na mimi nikaona kile alichokuwa akikiona Georgene. Lori la soda, likisubiri, lilikuwa limesimama kati yake na pikapu ya mumewe. Kwa upande wake kulikuwa na ukuta mweupe wa magari na lori tu.

Kimya aliinuka nusu. Dizeli akavuta pumzi aite, nikamshika mkono.

— Lori, mama, Redio alimnong'oneza dereva. Liondoe lori.

— Nikiliwasha litamtisha, dereva akasema. Hakuna aliyemgeukia kumweleza lolote. Alikuwa amekwisha kuelewa.

Georgene alianza kutembea. Alipita pikapu nyeupe ya kwanza. Kwenye ya pili alipunguza mwendo, akanyoosha mkono, vidole vikakaribia kishikio cha mlango. Nilimsikia Kimya akisema kitu ambacho hakikuwa neno. Vidole vikasimama. Akageuza kichwa tena, upande mwingine, akakiinua. Juu ya boneti ya lori, juu kabisa, ulikuwa umechomoza mstari wa taa.

Akacheka. Tulimsikia kutoka benchini.

Alilizunguka lori kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua fedha alizoshinda mahakamani. Magurudumu ya kitoroli yalilia juu ya kokoto. Akafika ubavuni mwa pikapu, akafungua mlango bila kupapasa, kikanyagio kikashuka chenyewe mbele ya miguu yake, akapandisha mifuko, mmoja baada ya mwingine, kisha akapanda mwenyewe, akaketi kule juu, akafunga mkanda.

Redio alikuwa amesimama juu ya benchi, mzee yule na goti lake bovu, anapiga makofi. Marek alikuwa mlangoni na birika mkononi. Dereva wa lori alikuwa akijipangusa macho kwa glavu.

— Alvin, Dizeli akasema. Nisamehe. Lile ni gari. Lile ni gari, bwana! Kila nilichosema kuhusu trela nakifuta.

— Kuhusu trela ulisema kweli, Kimya akasema.

— Kwa nini hukutuambia umemnunulia yeye? Redio akauliza kutoka juu. Tungekutafutia rangi ya heshima kidogo.

— Mimi nilitaka nyekundu. Rangi kachagua yeye. Miali pia kachagua yeye.

Paulette alikuwa amelifikia gari. Alisimama chini, mikono imemlegea, akasema maneno ambayo hatukuyasikia. Alijaribu kupanda nyuma. Sketi yake ya ofisini ilibana, na mguu ukateleza mara mbili kwenye kikanyagio. Georgene akafungua mkanda, akainama kutoka kule juu, akamnyooshea mkono. Hakuona vizuri alipo, akaupeleka hewani, Paulette akaukamata. Mama akavuta. Binti akaingia ndani kama ndama anayetolewa matopeni, na mlango ukafungwa.

Kisha ikapigwa honi. Haikuwa honi ya gari. Ilikuwa honi ya treni, ndefu, ya kutingisha mabati. Njiwa wa paa la Marek waliruka wote. Redio alishuka benchini bila kupanga. Kahawa yangu ikamwagika yote surualini.

— Na hiyo? Dizeli akapiga kelele, amejiziba masikio. Na hiyo nani kachagua?

— Hata mimi ndiyo kwanza naisikia, Kimya akasema.

Honi ikalia mara ya pili, fupi, ya kukosa subira. Kimya aliweka kikombe chini. Alijipangusa vumbi magotini, akaikaza kofia yake mbovu, akatuangalia mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa kijana.

— Naitwa, akasema, akavuka uwanja.