Barua ya Kwenda Helsinki

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, ghala la ushirika lilifungwa, benchi la makarani likatolewa nje na kuwa kijiwe. Hapo ndipo barua za wasiojua kusoma zilipofunguliwa na kujibiwa mbele ya wote, kahawa ikizunguka. Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya mzee Luhaga. Binti yake Nyanjige, mwaka wa nne huko Finland, alikuwa akiwatunza wazee mjini Helsinki. Sasa amepewa kazi ya kudumu, naye anauliza: baba, nibaki au nirudi? Tangu azike mkewe, Luhaga alijipikia mwenyewe. Alitamani wenzake waseme arudi, ili asilazimike kulisema neno hilo yeye.

Wao wakaing'ang'ania habari za nchi yenyewe. Method, mwalimu mstaafu waliyemwita Ramani, ndiye aliyeshika kalamu. Alieleza kuwa mji ule uko pwani, na baridi ikizidi bahari huganda, watu wakatembea juu yake. Constantine, jina lake la utani Redio, akasema hayo madogo. Kaskazini jua hupotea wiki nyingi.

— Ndiyo maana Mswidi aliwatawala akaondoka, Mrusi naye akaondoka. Utamtoza vipi kodi mtu usiyemwona?

— Acha uongo, Redio. Walijitangazia uhuru wao, mwaka elfu moja mia tisa kumi na saba, Ramani akasema.

— Mwezi gani?

— Desemba.

— Si nimesema? Gizani.

Marcelo, muuza kahawa, akaongeza kuwa watu wale hukaa uchi kwenye kibanda cha moto, kisha hujitosa kwenye barafu, ndiyo maana hawafi upesi. Wakacheka. Luhaga alicheka pia, kidogo.

Stephania, mchuuzi wa dagaa kutoka Lamadi, alikuwa ametua ndoo yake akisubiri kikombe.

— Mwangaluka, baba, akamwamkia Luhaga kwa Kisukuma. Huyo binti anawafanyia nini hao wazee?

— Anawalisha, anawaogesha, Ramani akajibu.

— Kwani hawana watoto?

Luhaga akamfikiria mzee asiyemjua, amekaa dirishani, theluji inaanguka, anasikiliza kama kuna hatua mlangoni.

— Tuandikeje, mzee? Ramani akauliza. Basi la Mwanza la kubeba barua linakaribia kuondoka.

Luhaga akaweka kikombe chake chini.

— Andika abaki, akasema. Na maji ya kuwaogeshea ayapashe vizuri kwanza.