Wasifu wa Marehemu Danieli Saulo Kalinga, Mtunzi wa Wimbo wa Mlango

Umeandikwa na kusomwa na dada yake, Lea Kalinga, siku ya mazishi, Ijumaa tarehe 16 Juni 1978, Ifunda, Iringa.

Ndugu waombolezaji, marehemu Danieli alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 hapa Ifunda, kwenye shamba la zamani la ukoo kule mlimani. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Saulo Kalinga, aliyekuwa fundi seremala, na Mama Yudith, ambaye tuko naye hapa. Alilelewa zaidi na bibi yetu, Evarista. Bibi alikuwa msichana wa miaka minane hivi wakati Wahehe walipopigana na Wajerumani pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, na baba yake hakurudi kutoka huko. Kila jioni alimsimulia Danieli jambo hilo wakipukuchua mahindi, na Danieli hakuchoka kuuliza.

Alianza shule hapa Ifunda mwaka 1954, akamaliza darasa la nane mwaka 1961. Katika somo la historia alikuwa na tabia ya kuziimba tarehe ili asizisahau. Siku moja mwalimu alimwambia, "Kalinga, hapa tunasoma, hatuimbi." Akajibu kwa adabu, "Ndiyo mwalimu, nikisoma zinatoka, nikiimba zinakaa." Mwalimu alimwacha aimbe, ila kwa sauti ndogo.

Mwaka 1966 alikwenda Mbeya kujifunza ufundi wa redio, akafungua kibanda chake mtaa wa Soweto, mjini humo. Hapo ndipo dereva wa malori, Bwana Gideoni, alipomletea sahani za santuri kutoka Zambia, za vijana wanaopiga roki kwa magitaa yenye sauti ya kukwaruza. Danieli alizisikiliza wiki nzima, kisha akatengeneza kikuza sauti kwa vipuri vya redio mbovu. Mwaka 1970 alijiunga na bendi ya Ushirika wa Malori Loleza akiwa mpiga gitaa na mtunzi. Mwimbaji alikuwa rafiki yake mkubwa, Isakwisa.

Wengine walitunga nyimbo za mapenzi. Danieli alitunga mambo yaliyotokea. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa wa Lugalo, na gitaa lilipolia, wazee waliokuja ukumbini kushangaa vijana walisimama wima. Wa pili ulikuwa wa njaa iliyowakumba Wabena baada ya vita vya Maji Maji. Kabla ya kuuandika alizunguka Njombe siku kumi na moja akiwatafuta wazee walioiona njaa ile. Alikuwa akisema hawezi kuimba maiti asiowajua.

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Ikupa, binti wa muuza viazi wa Uyole. Ikupa alikuwa amepeleka redio ya baba yake kibandani. Haikuwa na ubovu wowote, betri tu zilikuwa zimegeuzwa. Danieli aliliona hilo mara moja, lakini alimwambia arudi baada ya siku tatu, na siku ya tatu akamwambia arudi tena. Walijaliwa watoto wawili, Saulo na Yudith.

Sasa nafika mahali ambapo ndugu wengine wameniomba nipite haraka. Sitapita haraka.

Mwezi Oktoba 1974, wakati wa kuhamia vijijini, Mama Yudith aliambiwa aondoke shamba la zamani, alikozikwa bibi Evarista, siku hiyohiyo. Alipokuwa akitoa vyombo, waliotumwa kuhamisha watu waliwasha moto paa. Mama aliung'oa mlango alioutengeneza marehemu baba, akaubeba kichwani hadi hapa barabarani. Danieli alikuja, akamwona mama akilala chini ya turubai na mlango umeegemezwa kwenye mti. Aliporudi Mbeya alitunga wimbo. Daftari lake linaonyesha tarehe 3 Novemba 1974.

Uliimbwa mara moja tu, ukumbini Soweto. Kesho yake meneja wa bendi, Bwana Selestini Magesa, alimwita.

"Wimbo ni mtamu," alimwambia. "Badilisha maneno machache tu. Moto uondoe."

"Hilo siwezi, bwana. Mama yangu aliuona."

"Basi gitaa ni la ushirika. Liweke hapo."

Danieli aliliweka, akarudi kwenye redio zake. Mwaka uliofuata bendi ilikwenda Dar es Salaam kurekodi. Isakwisa aliimba wimbo uleule kwa maneno mengine, kwamba mama amebeba furaha kichwani na nyumba mpya inamngoja. Ukapendwa nchi nzima. Na kila ulipopigwa, ilitajwa kwamba mtunzi ni Danieli Kalinga. Alipomuuliza Isakwisa, alijibiwa, "Nilidhani nakusaidia, kaka. Angalau jina lako limebaki." Miaka iliyobaki Danieli alitengeneza redio za watu, na mara nyingi sauti ya kwanza kutoka ndani, redio ikipona, ilikuwa ya wimbo huo.

Mama aliusikia hapa kijijini. Aprili 1976 Danieli alipokuja, alimpa maji uani, hakumkaribisha ndani.

"Nimeusikia wimbo wako wa furaha," alisema.

"Mama, maneno yale si yangu."

"Jina ni la nani?"

Mimi nilijaribu kueleza, mama akasema ndugu hufichiana. "Aliyeimba aje aniambie yeye mwenyewe." Danieli alimwomba Isakwisa mara tatu aje Ifunda. Mara tatu alikubali. Hakuja.

Oktoba 1977 Danieli alianza kukohoa damu, akagundulika kuwa na kifua kikuu. Alitibiwa Mbeya, akapata nafuu, akazidiwa tena mwezi Mei. Alitukataza kumwambia mama. "Asije kwa kunihurumia," alisema. Tarehe 12 Juni nilivunja agizo lake, nikatuma habari. Mama hakungoja maelezo ya mtu. Alipanda gari kesho yake, likaharibika njiani, Igawa. Danieli alifariki Jumatano tarehe 14, saa nne asubuhi. Bwana Gideoni alimkuta mama bado Igawa, ameketi kando ya barabara na kikapu chenye kibuyu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na mayai ya mgonjwa.

Jana Isakwisa alifika pamoja na jeneza. Alipiga magoti mbele ya mama, akasema yote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Baba, ulikuwa na miaka miwili ya kuja."

Isakwisa ameomba auimbe wimbo kaburini kwa maneno yake ya kweli. Mama amekataa. Amesema leo haimbi mtu, maneno yasomwe tu kama yalivyo daftarini:

*Mama amebeba mlango kichwani,*
*nyumba ameiacha inawaka.*
*Bibi amebaki peke yake kaburini,*
*nani atampalilia?*

Marehemu ameacha mjane, Ikupa. Watoto wawili, Saulo, miaka sita, na Yudith, miaka mitatu, ambaye bibi yake alimbeba jana kwa mara ya kwanza. Dada mmoja, Lea. Na mama yake mzazi, Yudith Kalinga, aliyekuwa njiani.

Mungu ampe Danieli pumziko, na amani ambayo sisi hatukumpa.