Elisaria Nkini, Aliyetaka Wanaume Nao Wapimwe

Marehemu Dkt. Elisaria Isack Nkini alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 katika kijiji cha Wari, Machame, wilaya ya Hai, kwenye kihamba hiki hiki, shamba letu la ukoo, mlipowekewa viti leo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Isack Nkini na mama Aikande. Walimfuata Martin, aliyeketi pale mbele, na mimi Hilda ninayesoma. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika wetu, akaimba besi kwaya kuu kwa zaidi ya miaka thelathini. Sauti ya besi hakuwa nayo, lakini kwaya ilimpenda ikanyamaza.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari mjini Moshi. Akiwa kidato cha pili aliugua matumbwitumbwi pamoja na nusu ya bweni. Wenzake walivimba mashavu wakapona. Kwake uvimbe ulishuka hadi kwenye korodani, akarudishwa nyumbani, na kwa aibu akamwambia mama kwamba ameteguka mguu. Mama akawa anaukanda mguu ule mzima kwa maji ya moto kila jioni, naye anagugumia kama mgonjwa kweli. Alipona, akarudi shule, na jambo hilo likasahaulika. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1978, akaenda jeshi la kujenga taifa, halafu Morogoro kusomea tiba ya mifugo. Alihitimu mwaka 1984.

Alirudi nyumbani na cheti pamoja na hadubini ya kuazima. Wakati huo baba alikuwa na dume la ng'ombe aliloliita Meja, na majirani walikuwa wakileta ng'ombe wao kupandwa, asante yao ikiwa ni chungu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwaka ule ng'ombe hawakushika mimba. Wakalaumiwa ng'ombe. Huyu amenenepa mno, yule amelishwa migomba mitupu, na wawili wakaishia kwa mchinjaji. Elisaria akachukua mbegu za Meja, akazitazama kwenye hadubini, kisha akamfuata baba zizini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Ng'ombe za watu hazina shida, baba. Mwenye shida ni Meja."

"Meja? Wewe huioni shingo ile?"

"Shingo haizai, baba."

Baba hakumsemesha hadi mvua za masika. Lakini ng'ombe waliobaki walipopandikizwa mbegu kwa mrija na bwana mifugo wakashika mimba, Meja naye akaenda kwa mchinjaji, na baba akaanza kuwasimulia wageni habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua.

Tarehe 20 Desemba 1986 marehemu alifunga ndoa takatifu na Martha Jacob, mwalimu kutoka Marangu. Walipendana waziwazi, hadi sisi wengine tukaona haya kwa niaba yao. Alikuwa akimwosha mkewe miguu mkewe akitoka shambani, na yeyote akiingia haachi. Mwaka 1991 alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu nchini Uswidi, na huko ndiko alikohama kutoka kwa mifugo kwenda kwa binadamu. Wifi yangu alibaki hapa akifundisha na kuhudumia kihamba. Alibaki pia na maneno ya watu, kwa sababu miaka ilikuwa inapita na mtoto hakuna.

Alichokisomea nitakieleza kama alivyotueleza sisi jikoni, maana alipenda kueleza. Alisema mbegu za kiume hazijilei zenyewe. Ndani ya korodani kuna seli walezi zinazozizunguka, na walezi hao hutoa protini ndogo zinazoitwa vichochezi vya ukuaji. Kichochezi kimoja huiamuru akiba ya mbegu ijizalishe upya isije ikaisha. Vingine huziamuru mbegu zianze kukomaa. Kile cha kwanza kikipungua, akiba inakauka. Kikizidi, seli zinarundikana zikiwa changa, hazikomai. "Ni kama machipukizi ya mgomba," alikuwa akisema. "Ukiyang'oa yote huna shamba, ukiyaacha yote hupati ndizi." Walezi wanaweza kuharibiwa na mambo mengi, na mojawapo ni matumbwitumbwi yanayompata kijana aliyekwisha balehe. Siku aliposoma hilo kule Uswidi, alituambia, aliufikiria ule mguu wake, akaenda kujipima.

Alirejea mwaka 1996. Krismasi hiyo ukoo wote ulipanda kutoka mijini kama ilivyo kawaida yetu, na siku ya pili yake wazee wakaitisha kikao. Baba mkubwa Ebenezeri, kaka yake baba, ndiye aliyesema. Kihamba hakiwezi kukaa bila mtoto. Miaka kumi imetosha. Martha arudi kwao Marangu kwa heshima, na Elisaria atafute mwingine. Wifi alikuwa jikoni nami, akisikia kila neno.

Elisaria alisimama akawasalimia wazee wote kwanza. Kisha akasema, "Baba mkubwa, nimejipima. Mke wangu ni mzima. Mimi ndiye sina mbegu."

"Mwanamume hasemi maneno hayo mbele za watu!"

"Basi mimi nimeyasema. Mkimrudisha Martha, mtakuwa mmechinja ng'ombe mkaacha dume."

Nilicheka kwa sauti huko jikoni, na sijutii. Kikao kilivunjika bila sala ya kufunga. Siku ya tatu yake asubuhi baba mkubwa alikuja peke yake, na mkononi ameshika jani la isale. Kwetu anayekuletea isale anaomba radhi, nawe huruhusiwi kukataa. Mzee wa ukoo kumpelekea isale mke wa mtoto wake, hilo halikuwa limeonekana Wari. Wifi alilipokea kwa mikono miwili. "Aika, baba," akashukuru. "Karibu chai." Sukari alimnyima, lakini radhi aliitoa yote.

Kuanzia mwaka 1997 hadi alipostaafu mwaka 2018, marehemu alifanya utafiti wake katika maabara moja mjini Moshi, akichunguza vichochezi hivyo kwa wanaume wasiopata watoto. Wenzi wakija, aliyepimwa kwanza ni mume, na hakukubali mjadala. Wanaume walikuja kutoka Bomang'ombe, Kahe na Mawenzi, na kila mmoja alikuwa na kisingizio chake: presha, macho, amemsindikiza jirani. Mmoja alimwambia, "Daktari, mimi niko fiti, muulize mama." Akamjibu, "Nguvu ni jambo moja, mbegu ni lingine." Vijana wa kuinua vyuma aliwagombeza kama watoto wake, kwa sababu sindano za homoni wanazojidunga ndizo zinazozima kiwanda cha mbegu. Wengi walipoacha, wake zao walishika mimba. Dawa ya kufufua walezi waliokufa hakuipata, wala hakumdanganya mtu kwamba anayo. Lakini ninawajua wanawake walionusurika kufukuzwa kwa sababu yake, nanyi mnawajua.

Mwaka 1999 yeye na Martha walimpokea kwa sheria binti wa miezi minane, wakamwita Goodness. Marehemu aliamka kumchemshia maziwa, akampeleka kliniki mgongoni kwa kanga ya mkewe, na waliomcheka barabarani aliwaonyesha meno ya mtoto. Alikuwa na furaha. Hilo naomba mlisikie vizuri, kwa sababu wapo waliomhurumia bure.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kwaya. Novemba mwaka jana hali ilibadilika. Kufa hakukumtisha. Kilichomnyima usingizi ni Martha, maana desturi ya hapa inajulikana: asiye na mtoto wa kiume wa kumzaa, kihamba chake huenda kwa ndugu. Ndugu mwenyewe ni Martin. Siku moja mwezi Januari alimwita.

"Martin, nikiondoka, Martha atakaa wapi?"

"Kaka, hayo ni ya wazee. Usinitwishe."

Elisaria aligeukia ukutani, na wifi akatoka nje kwenda kulia. Hakupata jibu hadi alipofariki nyumbani hapa, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 66. Mkono wake ulikuwa ndani ya mikono ya mke wake.

Jumanne ukoo ulikaa. Wazee walimgeukia Martin, maana neno lilikuwa lake. Alitazama chini hadi nikamchukia. Kisha akasimama, na nayaandika aliyoyasema kwa ridhaa yake ili yabaki kwenye ratiba hii iliyochapishwa. "Kihamba hiki kina mwenyewe, na si mimi. Shemeji haondoki. Siku yake ikifika, atalala kando ya kaka. Goodness akija hapa, amekuja kwao. Nilipaswa kumwambia kaka akiwa anasikia." Alikaa chini akalia, nasi tukalia naye, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili wifi alikula.

Marehemu ameacha mke, Martha, mtoto, Goodness, na mumewe Calvin, mjukuu mmoja, mdogo wake Martin, na mimi. Familia imekubaliana kwamba udongo wa kwanza utawekwa na mama mwenye nyumba.

Pumzika kwa amani, kaka Elisaria, hapa nyumbani kwa Martha.