Bi. Coletha na Dawa ya Ayubu

Tarehe 30 Juni 1984, Bi. Coletha Pantaleo anastaafu baada ya kutumikia miaka ishirini na miwili katika zahanati yetu ya tiba ya Kihindi hapa mjini Shinyanga. Nimeombwa niandike mimi, Serafina, kwa kuwa tuliajiriwa wiki moja na vyumba vyetu vinatazamana. Wagonjwa, hata hivyo, walitazama cha kwake tu.

Mwenye zahanati, Mzee Haridas, alitufundisha sote wawili kutibu kiuno na yale maumivu yanayoshuka kutoka nyonga hadi kisigino. Mgonjwa analala kifudifudi, unamzungushia kiunoni pete ya unga wa choroko uliokandwa, unamimina ndani yake mafuta ya ufuta ya vuguvugu, unasubiri. Pete zangu hazikuvuja hata siku moja. Za Coletha zilivuja, na mwaka ule wa foleni za unga madukani alichekwa kweli kweli kwa kuupoteza. Lakini nani alijaza benchi? Wapakiaji wa marobota ya pamba, wachimba dhahabu wa Bugarama waliofika wamejikunja, wote kwa Coletha.

Kisa ni jina. Mzee Haridas alisema Ayurveda, wazee wa Ushirombo wakasikia Ayubu. Basi ikawa dawa ya Ayubu, yule wa kwenye Biblia, wakaja na rozari zao. Mimi niliwasahihisha mmoja mmoja kwamba hii ni elimu ya Wahindi. Walinishukuru kwa adabu, wakavuka kwenda chumba cha pili. Coletha aliwaambia tu kwamba Ayubu alipona, nao watapona.

Mwaka 1979 aliletwa mama yangu mzazi kutoka Bukombe, miaka mitatu hajaweza kupiga magoti kanisani. Nikatandika kitanda, nikakanda unga mwenyewe. Akauliza yule mama wa Ayubu yuko wapi. Jamani, mama yangu! Baada ya wiki mbili kwa Coletha alipiga magoti misani. Mimi pembeni yake wivu ulinitoa machozi, na waumini wakadhani ni ya furaha.

Kuanzia Julai vyumba vyote viwili ni vyangu. Jana walifika wagonjwa wanne, na wote waliuliza Coletha anakaa wapi kule mtaani kwake Ngokolo.

Asante, dada, kwa viuno vyote ulivyonyoosha, na cha mama yangu. Uishi vyema na miaka mingi. Wakikufuata nyumbani, nakuomba uwarudishe kwangu. Hata mmoja.