Felista Alipimwa Amekaa

Kijiwe cha Rufaa kiko ubavuni mwa duka la Gulam, karibu na soko la Morogoro, na kimepata jina hilo kwa sababu kila kilichoshindikana kwingine huletwa pale kushindikana upya. Benchi moja refu, birika la Twalibu juu ya jiko la mkaa, kashata kwenye bakuli, na midomo isiyojua likizo. Jumatatu hiyo, saa tano asubuhi, Alois alikaa mwisho wa benchi na magunia yake matupu. Alikuwa ameshuka na karoti kutoka kwake Towelo, juu mlimani, alfajiri, akaziuza bila hata kubishana bei. Jana mkewe, Felista, alianguka tena, mara ya nne tangu Pasaka, na safari hii aliangukia mafiga. Alois hakuja kuomba ushauri, alikuwa ameuchoka. Alikuja kwa sababu hakujua pengine pa kwenda kukaa.

— Mkono umeungua wote? Twalibu aliuliza, akimmiminia kahawa.

— Hadi kwenye kiwiko.

— Dah! Pole sana, mzee wangu.

Profesa alikohoa kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa kengele yake ya kuingia darasani. Alipika ugali chuoni Mzumbe miaka ishirini, na anaamini elimu huingia hata kwa mvuke.

— Karoti, sikiliza, alimwambia Alois kwa jina la kijiweni. Hiyo ni presha ya kupanda. Mtu anapanda Uluguru kila siku ya Mungu, presha itabaki chini inamngoja? Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

— Sasa methali hiyo inaingiaje hapa? Gulam aliuliza kutoka mlangoni kwake.

— Si ameanguka? Basi ameshuka.

Gulam anauza makufuli na kutengeneza mizani. Ana mashine ya presha aliyomnunulia marehemu mama yake, na tangu msiba anawapimia watu wa kijiwe bure.

— Mashine yangu haina uongo, alisema. Shemeji nimempima mara tatu, hapo hapo kwenye benchi. Mara tatu, mia na ishirini kwa themanini! Presha ya bibi harusi hiyo.

— Mashine ya mjini inajua nini habari za mlima? Twalibu alidakia. Kule wingu linamkalia mtu kichwani. Akishuka huku analiacha, mashine inamkuta mwepesi. Akirudi, linamngoja. Akiinuka tu, paa!

— Wingu lina kilo ngapi, Twalibu?

— Mwenye mizani si wewe? Kalipime!

Benchi likacheka. Alois hakucheka. Miezi hii yote alikuwa mtiifu kwa benchi hili kuliko alivyowahi kuwa kwa mtu yeyote. Waliposema chumvi ndiyo mama wa presha, aliitoa chumvi jikoni. Waliposema maji mengi yanalegeza damu, Felista akaanza kunywa kikombe kimoja kwa siku. Na Profesa, kwa moyo mweupe kabisa, alimgawia vidonge vyake mwenyewe vya presha, akisema kizuri kula na nduguyo.

— Vidonge vyangu anavimeza lakini? Profesa aliuliza.

— Asubuhi na mchana.

— Na bado anaanguka? Basi ongeza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Profesa, nimechoka, Alois alisema. Kila ninachoongeza, anazidi kuisha. Siku hizi hata kanisani haendi. Analala tu, ananitazama.

Profesa hawezi kimya.

— Jamani, damu nzito kuliko maji! Mtu akisimama, damu kwa uzito wake inakimbilia miguuni. Kichwa kinabaki kikavu.

— Acha fix, mzee! Twalibu alicheka hadi birika likayumba. Kwa hiyo tumpindue, atembee kwa mikono?

Hapo walicheka kuliko siku zote.

— Shikamooni.

Alikuwa Mwajuma, muuza nyanya, aliyekuja kuchukua mzani wake kwa Gulam. Alikuwa ameukumbatia, tayari kuondoka.

— Marahaba, binti, Profesa aliitikia. Mgeni njoo mwenyeji apone. Pata kahawa.

— Asante, baba, nimeacha nyanya juani. Samahanini, nimesikia mazungumzo. Huyo mama huwa anaanguka akifanya nini?

— Akiinuka, Alois alijibu. Kitandani, kwenye kigoda, popote. Anasema moyo unamwenda mbio, macho yanaingia giza, kisha chini.

— Na mlimpima akiwa amesimama?

Gulam alilitazama benchi. Mgonjwa anasimamishwaje? Felista alipofika hapo mara ya kwanza waliinuka wote kumpisha, Profesa akafuta vumbi kwa kofia yake. Hata zahanati alikopelekwa aliambiwa akae, apumzike kwanza. Kote alikopita alipewa kiti. Heshima ya watu ndiyo iliyouficha ugonjwa wake.

— Baba yangu alikuwa hivyo hivyo, Mwajuma alisema. Muuguzi alimlaza dakika tano, akampima. Akamsimamisha, akampima papo hapo, na dakika ya tatu akampima tena. Amelala, mia na thelathini. Amesimama, tisini. Na mapigo ya moyo yakapaa, ile namba ya chini kabisa kwenye mashine.

— Ile ya chini? Gulam alishtuka. Mimi nilidhani ni betri.

— Kumbe vidonge vya presha vilikuwa vimemzidi nguvu. Na yeye presha alikuwa nayo kweli. Huyu mama vidonge aliandikiwa na nani?

Profesa alivua kofia, akaishika magotini.

— Cha mchana anameza saa ngapi? Mwajuma aliuliza.

— Saa sita.

Alois alikuwa ameshatoa simu amkataze. Ikaita mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Ndipo akakumbuka. Simu ya nyumbani inaning'inia msumarini dirishani, mahali pekee mtandao unaposhika, na kitanda kiko ukuta wa pili. Watoto wako shule. Ili apokee, Felista lazima ainuke, na yeye hajawahi kuiacha simu ya mumewe iite hadi ikatike.

Alikata.

— Hapokei? Twalibu aliuliza.

— Nimekata mwenyewe.

— Kwa nini tena?

Alois aliikazia macho simu. Felista akiikuta imekatika, hupiga hapo hapo. Walingoja, dakika zikapita, simu ikiwa imelala kiganjani mwake.

— Labda hakusikia, Gulam alisema.

— Labda.

Hakuwahi kumwomba Mungu jambo kama hilo, kwamba mkewe awe hakumsikia.

Gulam alikuwa tayari na ufunguo wa pikipiki.

— Panda. Nitakufikisha barabara inapoishia.

Alois alipanda, akayaacha magunia. Kutoka barabara inapoishia hadi kwake ni mwendo wa saa nzima, na wote ni kupanda.