Slava Haimo Kwenye Hesabu

MILOJE: Haloo? Nani huyo? Sema kwa nguvu.

ZORICA: Ni mimi, baba. Zorica. Shikamoo.

MILOJE: Marahaba. Belgrade kuna nini, mbona sauti inakatika?

ZORICA: Nipo kazini. Baba, kesho msipokee wageni.

MILOJE: Kesho ni slava, sikukuu ya mtakatifu wetu. Nikola ndiye mtakatifu wa nyumba hii tangu enzi za babu yako. Samaki nishanunua, kilo ishirini.

ZORICA: Mafua haya yanaua watu. Na kesho nusu ya nchi—

MILOJE: Nusu wanasherehekea, nusu wanakwenda kula kwao. Ndivyo tulivyo. Kwani si wewe uliyesema yatapamba moto Februari? Tena kwenye televisheni.

ZORICA: Nilikosea, yamewahi Desemba hii.

MILOJE: Na kompyuta zote hizo?

ZORICA: Kompyuta inakula unachoilisha. Kwenye hesabu ya mafua niliingiza baridi, ndege, treni, likizo za shule. Slava sikuiingiza. Haina tiketi, haina mwaliko, watu wanajiendea tu. Mimi niliyekulia humo humo, nikaisahau.

MILOJE: Hata muuza kabichi wa hapa Užice angekukumbusha.

ZORICA: Najua, inaniuma. Funga mlango basi.

MILOJE: Siku ya slava mlango haufungwi. Jirani nimwambie nini, rudi na chupa yako?

ZORICA: Una kichwa kigumu, baba. Nipe Jasna niongee naye. Mkweo ana mimba ya miezi minane, na wajawazito ndio—

MILOJE: Hayupo.

ZORICA: Yuko wapi?

MILOJE: Wiki iliyopita si ulisema nimtoe, nyumba itajaa watu? Nimemtoa. Unadhani sikusikilizi. Yuko Niš, kwa mama yake.

ZORICA: Alikwendaje?

MILOJE: Kwa basi. Juzi.

ZORICA: Juzi watu wote walikuwa wanasafiri, baba—

MILOJE: Lilishona, ndiyo. Saa sita nzima njiani. Bahati kuna mama alijibana akampa nafasi pembeni yake. Huyo mama alikuwa anakohoa, maskini, lakini mtu mwema.

ZORICA: Alikuwa anakohoa?

MILOJE: Zorica? Ulisema nimtoe. Hilo basi hukulitaja.

ZORICA: Sikulitaja.

MILOJE: Asubuhi Jasna kapiga, mwili mzima unamuuma. Nikamwambia ni uchovu wa safari.

ZORICA: (mikwaruzo) Ana homa?

MILOJE: Si ni uchovu tu?

ZORICA: Salio linaniishia. Mpigie mama yake, ampeleke hospitali sasa hivi.

MILOJE: Niambie kwanza ni uchovu.

ZORICA: Kata simu, baba. Mpigie.