Reino Kallioinen na Bomba la Ghala la Mbao

Marehemu Reino Matias Kallioinen alizaliwa Toivola, Michigan, Marekani, tarehe 2 Aprili 1946, kifungua mimba wa Heikki na Saima Kallioinen. Alifariki tarehe 9 Februari mwaka huu. Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki, ndiyo maana amesubiri pamoja na wafu wengine wa majira ya baridi hadi leo, Jumamosi, 11 Mei 2024. Miezi hiyo mitatu ilimpa nafasi mdogo wake, Urho, anayesoma wasifu huu, ya kuuandika. Aliuchana mara tano.

Reino alianza shule mwaka 1952 akijua Kifini tu, lugha ya wazazi wake. Mwalimu alipomuuliza jina kwa Kiingereza, alidhani anaombwa chakula, akafungua mkebe wake na kumkatia nusu ya pasti, andazi lake la nyama. Mwalimu aliila, na mwaka mzima hakumchapa. Alihitimu sekondari Juni 1964, kisha akajifunza kwa miaka mitano ufundi wa mabomba ya kuzimia moto.

Tarehe 20 Juni 1970 alifunga ndoa na Aili Rautio katika kanisa hili hili la Kilutheri. Siku hiyo alichelewa nusu saa kwa sababu alishuka chini kwenye boila, mtambo wa kupasha kanisa joto, kuziba bomba lililokuwa likivuja, akapanda madhabahuni na masizi shavuni. Aili alimfuta kwa shela yake. Walijaliwa watoto wawili, Darlene na Wesley.

Katika ufundi, hakuna aliyemfikia kwa mabomba makavu. Ghala lisilopashwa joto haliwezi kuwekewa maji darini, yangeganda na kupasua kila kitu. Mabomba yake hujazwa hewa ya kushindiliwa, na maji husubiri nyuma ya vali kwenye kibanda chenye joto. Moto ukiwaka, hewa hutoka na maji hufuata. Kilichomsumbua Reino siku zote ni kipande kinachopita chini ya ardhi, kutoka kibandani hadi ghalani. Hapo alitaka chuma kilichofungwa utepe wa kuzuia kutu, wala hakutaka mjadala.

Novemba 1987 alikuwa msimamizi wa kazi ya ghala la mbao karibu na Baraga, na Urho alikuwa fundi wake. Chuma kilichelewa. Ardhi ilianza kuganda, na tarehe 15 msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa, siku ambayo huku kwetu hata harusi haipangwi. Uani kulikuwa na mabomba ya plastiki yaliyobaki baada ya kulaza njia ya maji.

"Kaka, si tuweke haya tu?" Urho alisema. "Bomba ni bomba."

"Bomba la maji si bomba la hewa, we mwehu! Maji yakipasua plastiki yatakulowesha. Hewa ikiipasua itakurushia vipande. Ngoja chuma."

"Na kulungu nao wangoje?"

"Wangoje. Kwani wana safari?"

Jumanne Reino alimpeleka Aili kwa daktari mjini Hancock. Huku nyuma, Urho alilaza plastiki, akaweka chuma kwenye ncha mbili tu zinazochomoza juu, akafukia. Haraka haraka haina baraka, na Urho methali hiyo aliijua tangu utotoni.

Alhamisi, tarehe 12, Reino alirudi.

"Umeweka chuma?"

"Nimeweka."

"Kilifika lini?"

"Jana asubuhi."

Reino alimwamini ndugu yake. Alipiga magoti kwenye kiungio, akapaka povu la sabuni kutafuta panapovuja, na Urho akafungua hewa. Plastiki ilipasuka chini ya udongo ambao haukushindiliwa vizuri, ikarusha mawe na vipande. Reino alipoteza jicho la kushoto.

Hospitalini alimwambia Urho, "Wakaguzi wakija, bomba nilichagua mimi."

"Lakini kaka..."

"Nyamaza. Jicho limeshakwenda. Mimi ndiye msimamizi, ningechimba nikaone. Wewe una watoto watatu wadogo."

Urho alinyamaza. Katika maisha yake hajawahi kumtii kaka yake vizuri namna hiyo. Reino aliachishwa kazi. Nafasi yake alipewa Urho, akaishika hadi mwaka 2013. Reino akawa mtunza majengo wa shule mpaka alipostaafu mwaka 2011. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu haukuwa wa mwenzake, ulikuwa wa Urho mwenyewe, na bado alimwachia mwingine aubebe. Mafundi walimbandika Reino jina. "Habari za asubuhi, Plastiki!" walimwita kwenye meza ya kahawa, naye aliitika. Siku moja walipocheka, Urho naye alicheka. Hilo linamuuma Urho kuliko hata jicho la kaka yake.

Kila Jumamosi ndugu hawa waliingia sauna, chumba cha kuoga mvuke, pamoja, na Reino alimkalisha Urho upande wa kulia, wa jicho zima. "Nataka nikuone unavyojidai huungui," alimwambia, kisha akamwagia mawe ya moto maji zaidi.

Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Aliuguzwa nyumbani na Aili. Januari mwaka huu alimwita Urho kitandani.

"Wasifu wangu utauandika wewe."

"Na ya ghala niandikeje?"

Reino alikohoa, akapumzika. "Andika kile unachoweza kusoma mbele ya Aili."

Aili hakuwahi kuambiwa. Kwa miaka thelathini na sita ameamini kwamba mume wake alikosea mwenyewe kazini, na hakumlaumu hata siku moja. Ameketi mstari wa mbele, anasikia leo pamoja nanyi. Aili, shemeji yangu, nisamehe.

Reino ameacha mke, Aili, watoto, Darlene na Wesley, wajukuu wanne, na mdogo wake, Urho, aliyechagua bomba. Mtakapokunywa kahawa ukumbini, mkitaka kumwita mtu Plastiki, mwiteni huyo.

Reino apumzike, na jina lake alilozaliwa nalo, kwa amani.